Timu ya Babu Iliyoishia Getini

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Kitanda chako nimeshakitoa. Koti lako la kazini, lile la kupakulia mizigo uwanja wa ndege, bado linaning'inia mlangoni. Hilo limenishinda. Ila ninayekuandikia habari zake ni Imani. Tangu tukuzike, mjukuu wako alikuwa hatamki neno la Kiswahili. Namwita aje ale, ananijibu Kiingereza. Kiswahili chake chote kilikuwa kwenye hadithi yako ya ile timu ya besiboli, iliyokufa hata babu yako hajazaliwa. Na ulipokuwa ukimsimulia, mimi nilikuwa ghalani, zamu ya jioni.

Nimehangaika, Baba. Nimekwenda mpaka maktaba ya mtaa wetu huu wa Rexdale, huku ughaibuni. Kitabu nilichokipata humo kinasema wachezaji walikuwa wa kulipwa, timu ikafilisika katikati ya msimu, basi. Yule mdakaji wako, Vidole, aliyedaka mpira kwa mikono mitupu mpaka vidole vikapinda, hayumo. Nikatunga mwisho wangu, nikamsimulia Imani: wakapata tajiri mpya, wakachukua kombe.

"Muongo!" Kwa Kiswahili, Baba! "Babu hakusema hivyo!"

Sufuria nusura liniponyoke. Nikamwambia, haya, nifundishe. Akapanda kwenye kochi, akakunja vidole kama wewe. Mwenye timu katoroka. Wachezaji wamefika, geti lina kufuli. Vidole akawaambia, "Nyie, tumekuja kufunga magoli, hatukuja kulia." Magoli, Baba, kwenye besiboli, mchezo wa gongo usio na hata goli! Ulikuwa hurekebishiki. Vidole akashika kufuli...

Imani akaishia hapo. Nikauliza, halafu?

"Halafu Babu akakohoa. Akasema tutamalizia kesho."

Kesho yake ndiyo tuliyokukimbiza hospitali. Nililia mbele ya mtoto, nikashindwa kujizuia. Vidole alifanya nini, Baba? Nimuulize nani? Nimechoka. Kuna asubuhi nakaa tu kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Sasa nisikilize. Sitamtungia mwisho tena. Nimebadilisha zamu, jioni nipo. Nitamsimulia na magoli yako yote, na nikifika getini nitanyamaza. Jana nilifanya hivyo. Imani akaenda mlangoni, akalivuta koti lako, akanifunika miguu.

"Tutamalizia kesho, Mama."

Pumzika, Baba. Koti silitoi.

Binti yako