Leo Wewe Huimbi

Kulwa mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Migato tu wazima, pamba imeanza kupasuka, na bibi yako anakusalimu.

Unasema watu wengi wanafungua ibada yenu ya mtandaoni, kisha wanapotea, na unauliza kama mtafute waimbaji wazuri zaidi. Hapana. Mlio nao wanatosha.

Ujanani kwaya yetu iliimba kwenye mnada wa Mwamapalala. Watu walijaa, lakini Jumapili kanisani tulijikuta peke yetu. Mnada uliofuata, kiongozi wetu akanitoa mimi, mwenye sauti nzuri kuliko wote. "Leo wewe huimbi. Nenda kasalimie watu." Na salamu ya Kisukuma unaijua: wazazi, ng'ombe, mvua, haina haraka. Nilinuna, nikaenda. Nilianza na msichana wa Kalemela aliyekuwa akiuza dagaa. Jumapili alikuja na shangazi yake.

Basi mtoe mwimbaji wako bora, akae kwenye maoni, ajibu kila mtu kwa jina. Wimbo ukipwaya kidogo, acha upwaye. Bibi yako hakumbuki tuliimba nini siku ile. Anakumbuka nilimuuliza, "Mama yako anaendeleaje?"

Babu yako