Kadi za Mashine Zilizotungwa Uzi

Ntalikwa,
S.L.P. 318,
Tabora.
14 Machi, 1973.

Mpendwa Baba Mdogo Tobias,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo Leonia na watoto, na kwamba lile joto la Dar es Salaam ulilolilalamikia Krismasi limepungua. Kifua cha mama mdogo kinaendeleaje? Mama alimchimbia mizizi, lakini anasema siku hizi hamtaki mizizi, mnataka vidonge. Huku mvua bado zipo, tumbaku imekubali, na mahindi ya kuchoma tunakula mpaka tunayakimbia. Mwilini sote hatujambo.

Nimesema mwilini. Rohoni tumevurugika, na ndiyo maana barua hii sikuipeleka posta. Nampa Mwamvita wa Kanyenye, yule muuza mchele, anayepanda treni kesho Alhamisi. Nimemwapisha akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine. Tafadhali ukimaliza kuisoma usikae.

Baba yuko matatani. Jumatatu ijayo, tarehe kumi na tisa, wakubwa wa wilaya watakuja kijijini, na ameambiwa awangojee ofisini akiwa na maelezo ya maandishi pamoja na blanketi lake. Blanketi, baba mdogo! Wewe unajua mtu akiambiwa aje na blanketi anapelekwa wapi. Neno lililotamkwa mbele ya watu wote ni hujuma.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Januari ofisi moja ya huko kwenu ilituletea kadi themanini na sita, moja kwa kila kaya ya kijiji chetu kipya. Ni zile zile ulizotueleza: ngumu, ndefu kama bahasha, jina la mwenye kaya limepigwa chapa juu, kona moja imekatwa, na matundu madogo madogo yametapakaa. Baba ndiye katibu wa kijiji, kwa hiyo yeye alitakiwa aandike kwa penseli idadi ya watu katika kila kaya, kisha azitunze mpaka zije kuchukuliwa zikasomwe na kompyuta. Kwa kadi hizo kila kaya itapimiwa shamba lake. Bwana aliyezileta alituachia maneno matatu tu, "Kadi ndiyo kaya," akapanda Landrova yake akaenda zake.

Sasa zitunzwe wapi? Ofisi yetu ni ya fito na udongo, paa linavuja, na mchwa wa Ntalikwa unawajua. Mwaka juzi walikula daftari la ubatizo la kigango, wakala na jalada lake. Hapo ndipo barua yako ya Krismasi ilipotafutwa. Zile nasaha zako za kompyuta, ambazo tulikucheka kwamba umejaza kurasa mbili badala ya kutuambia watoto wamekua kiasi gani, zikageuka dhahabu. Uliandika kwamba kadi isikunjwe, isilowe, wala isibanwe kwa pini. Tukazishika kama amri za Mungu.

Isikunjwe, basi ining'inie imenyooka. Isilowe, basi iwekwe pakavu, na huku hapana pakavu kuliko banini tunamokaushia tumbaku, tena moshi wenyewe unafukuza mchwa. Isibanwe kwa pini, basi zikatungwa uzi. Sisi hapa mtoto akifumbua macho anakuta watu wanatunga majani ya tumbaku kwenye uzi wa katani, na kadi zenyewe zina matundu. Matundu ni ya nini kama si ya uzi? Ila hayakulingana, kadi hii lipo huku, hii lipo kule, uzi ukaenda upogo. Ndipo zote zikatobolewa upya kwa sindano ya gunia pale kwenye kona iliyokatwa. Ilidhaniwa kona imekatwa kuonyesha mahali pa kupitisha sindano. Cheka, baba mdogo, ukiweza. Mimi siwezi.

Jumatatu hii iliyopita bwana yule alirudi kuzichukua. Baba akampeleka banini kwa fahari kabisa, akamfungulia mlango. Kadi zilikuwa zimening'inia safu mbili katikati ya tumbaku, rangi ya chai, kingo zimejikunja. Mgeni hata hakuingia. Alisimama mlangoni moshi ukimtoa machozi, na watu wamejaa nyuma yake.

"Nani amefanya hujuma hii?"

"Ni mimi, ndugu ofisa," baba akajibu. "Katibu ni mimi."

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Nilipotaka kufungua mdomo alinikanyaga kidole cha mguu, akaendelea kukikanyaga mpaka yule bwana alipomaliza kuandika, akaondoka akiziacha kadi pale pale.

Baba hakuzigusa kadi zile. Siku hiyo alikuwa mjini kwenye mkutano. Wazo lilikuwa langu na sindano ilikuwa yangu. Mimi mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ninayesimama mbele ya wazee kila alasiri kuwafundisha kwamba ujinga ni adui! Baba aliporudi alizikuta zimekwisha kutundikwa, akanisifu kwa akili.

Nimemwambia mara tatu kwamba nitasema. Mara ya tatu alinikalisha chini. "Mayu," akaniita, kama anavyoniita akitaka kunibembeleza, "mimi nimekwisha kula chumvi. Wakinichukua, wamechukua mzee. Wewe una chuo mwezi wa saba. Funga mdomo." Ni kweli, nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, barua ilifika mwezi uliopita, na sidhani kama kuna chuo kitakachompokea mtu aliyetajwa kwa hujuma. Basi mdomo nimeufunga siku mbili hizi, na ninaona aibu kuliko nilivyopata kuona maishani. Naogopa pia, sikufichi. Mama amelifua shati la baba la kanisani mara mbili tangu Jumatatu, na halijavaliwa.

Si baba peke yake anayeumia. Mzee Kornel, jirani yetu, alibomoa nyumba yake ya zamani Desemba ili ahamie kijijini. Sasa kila asubuhi anafika kuuliza kama bado anahesabiwa. "Kule nimebomoa, huku kadi imeungua moshi. Sasa mimi ni wa wapi?" Nilimpa kadi yake aishike. Jina lake analisoma mwenyewe, nilimfundisha mimi. Lakini pembeni kuna tundu la sindano yangu, na sijui mashine italisoma kama nini. Nikamtania kwamba huenda ikamwandikia wake arobaini. Alicheka kidogo, mkewe hakucheka.

Haya, ombi langu. Wewe unafanya kazi chumba kimoja na mashine hiyo. Uliandika pia kwamba kabla ya kadi kutobolewa, majina huandikwa kwanza kwa mkono kwenye karatasi. Je, karatasi hizo hutunzwa? Na kadi iliyoharibika haiwezi kutobolewa nyingine mahali pake? Nimekwisha nakili zote themanini na sita, jina, namba na idadi ya watu, herufi kwa herufi, na nakala imo ndani ya bahasha hii. Moshi haukufuta penseli. Zilizoharibika ni kadi, watu wote wapo.

Kama inawezekana, nakusihi upige telegramu Jumamosi mapema, posta ya Tabora, useme tu kwamba kadi zaweza kutobolewa upya, na uweke cheo chako. Nitakuwa pale tangu wanafungua mpaka wanafunga.

Tena nina neno na wewe, usinichukie. Mnapotuandikia sisi watu wa huku, msituambie tu tusifanye nini. Mtu akikatazwa matatu hudhani mengine yote ruksa. Tuambieni tundu ni la nini. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba mashine husoma matundu kama sisi tunavyosoma herufi, nisingethubutu kuongeza hata moja. Samahani kwa ukali huu. Adabu ninayo, ila hofu nayo imeshika kalamu.

Telegramu isipofika, nimekata shauri, na nimelikata nikiwa kwenye ukurasa huu huu, si kabla. Jumatatu wakubwa wakishashuka garini, kabla baba hajasimama, nitasimama mimi. Chuo kama ni cha kwenda, kiende. Usihangaike kunizuia, hata treni ikikimbia vipi haitaniwahi.

Mama Marcelina anawasalimu wote, na mizizi ya mama mdogo ameifunga, Mwamvita anayo. Mzee Kornel na mkewe wanakusalimu. Baba anakusalimu sana. Yuko barazani, anadhani ninakuandikia salamu tu, na ameniagiza nikwambie kwamba huku hakuna habari mpya zaidi ya tumbaku. Mungu awalinde huko mliko, na Mtakatifu Yosefu, ambaye sikukuu yake ni Jumatatu hiyo hiyo, awatazame akina baba wote.

Barua hii usiichane. Wakubwa wa huko wakiuliza, waonyeshe, na jina wasilitafute mbali.

Mimi niliyezitunga kadi, mtoto wako akupendaye,

Eustadia binti Raymundi