Kulwa, Mama Anakusikia Redioni

Dada yangu Kulwa,

Leo nakuita dada, na najua ungecheka mpaka ukae chini. Miaka yote nimekataa. Umenitangulia kutoka tumboni kwa muda wa kuchemsha chai tu, halafu unataka shikamoo! Haya, chukua: shikamoo, dada. Uitikie usiitikie, mimi nimeshaamkia. Barua hii naiandika wazi, anayetaka aisome, maana anwani yako sina, na wa kunishauri humu ndani sina vilevile.

Nianze na ule upuuzi wako, kwa kuwa ndio ulionifikisha hapa. Unakumbuka ulivyorudi siku ile kutoka kibandani kwako Mkuyuni, ulikokuwa ukitengeneza simu na redio, macho yamekutoka? Ulikuwa umeona mtandaoni kwamba kuna nchi zina redio za siri zinazosoma namba tu. Namba kavu, hakuna wimbo wala salamu, na wanaozielewa ni majasusi. "Doto," ukaniambia, "na sisi tuwe nayo." Nikakuuliza majasusi wa Mkuyuni watapeleleza nini, bei ya nyanya? Ukakaa na vyuma vyako siku kadhaa, ukachomelea transmita ya kurushia sauti ndani ya kopo la maziwa ya unga, waya wa antena ukaupandisha juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mama alipouliza, ukasema ni kamba ya nguo. Naye akaanika! Matangazo yetu ya kwanza yalirushwa kupitia kanga mbili na shuka.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, kila nyumba inanukia wali. Ukagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, ngo, ngo, ngo, ukavuta pumzi, ukasoma kwa sauti ya mtu asiye na ndugu duniani: "Tisa. Sifuri. Nne. Nne. Narudia." Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mto, machozi yananitoka kwa kicheko.

Weee, mtaa ulivyochanganyikiwa! Redio yetu ilifika sokoni tu, ikivuka pale ilikuwa inakoroma, lakini sokoni palitosha. Vijana wa bodaboda wakasema hizo ni namba za kubeti. Wakabeti, mikeka ikachanika yote, hela zikaliwa, wakasema kosa ni lao, hawajajua namna ya kuzipanga. Muuza mkaa naye akasema ni serikali inahesabu nyumba za kubomoa, akaanza kuhamisha magunia yake. Pale roho iliniuma. Wewe ukasema usijali, wiki ijayo utamsomea namba ndogondogo ili apumue.

Aliyetukamata ni mama. Alikuwa uani anachambua mchele, redio yake ya betri iko pembeni, akainua kichwa akasema, "Huyu ni Kulwa." Unajua sauti zetu zilivyo. Kwenye simu hakuna aliyewahi kututofautisha, hata yule mchumba wako alinibembeleza wee mpaka nikamwonea huruma nikamwambia amekosea mtu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akijisifu: "Niliwabeba pamoja, nitawachanganyaje?" Siku ile alikugombeza kweli. Akakwambia uache kuhesabu hovyo, kwamba hata ng'ombe wa baba yake kule Misungwi hawakuhesabiwa kwa sauti. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kuwasha redio, na tangu hapo hakukosa.

Halafu ukapata mafua, sauti ikakukauka, nikasoma mimi badala yako. Mama akasema huko nje, "Leo Kulwa kasoma vizuri." Tulitazamana chumbani, wewe na pua yako nyekundu, tukakubaliana tusimwambie. Kwa nini tumvunjie mama wa watu sifa yake? Tuliona ni siri ndogo sana.

Ukaenda visiwa vya huku ziwani kuwatengenezea wavuvi redio, na boti mliyorudi nayo ikapigwa na dhoruba. Wenzako walipatikana, wakazikwa. Wewe hukupatikana. Watu wakizidiwa husema maji yamewafika shingoni. Mimi usemi huo nimeuacha, hata wakiutumia wengine naondoka. Mama aliacha kula. Akawa anakaa mlangoni kutwa, chakula kinapoa mbele yake, inzi wanatua. Majirani, kwa huruma zao, wakaanza kumwita Mama Doto. Hageuki. Jina lake ni Mama Kulwa tangu tuzaliwe, na hilo tu ndilo analoitikia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumapili moja nilivuta lile kopo kutoka chini ya kitanda chako. Sikuwa na mpango wowote, haki ya Mungu. Nilitaka tu chumbani kwetu isikike sauti yako, na sauti yako ninayo mimi. Nikagonga mfuniko, nikasoma. Sikuwaza kabisa kwamba redio ya mama bado iko palepale ulipoiacha, kwenye masafa yetu. Kabla sijamaliza nikasikia vigelegele uani. Vigelegele, Kulwa, katika nyumba ile! Nikazima, nikatoka mbio. Mama ameikumbatia redio kifuani. "Yupo! Doto, mwenzio yupo, anahesabu!" Unajua mama hajawahi kuiona transmita yako. Kwake redio ni redio, mtu anaweza kusema akiwa popote. Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi: "Nipakulie ugali."

Alikula. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Haya niambie, wewe mwenye akili nyingi, ungesema nini pale?

Basi nikasoma Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Umeme ukikatika hakuna namba, na bila namba mama hali chakula cha maana mpaka wiki ipite. Nikamuuliza siku moja, kwa kuzunguka, anadhani namba zenyewe zina maana gani. Akashangaa kama nimeuliza ujinga. "Si lazima ziwe na maana. Anahesabu ili nijue yupo." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wamenidanganya, maana njia yangu imekataa kuisha.

Mjomba akaja kutoka Misungwi. Wazee wameshakaa, akasema, na mwili usipopatikana huzikwa nguo, ili aliyekufa apumzike na aliyebaki apumzike. Wamepanga iwe Jumamosi hii. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akammiminia chai, kisha akamuuliza, "Kaka, mtazika nguo za mtu anayeongea?" Mjomba akanigeukia mimi. Nikaangalia kandambili zangu.

Jumapili iliyopita nikasema liwalo na liwe. Nikatoa kopo lako nikaliweka mezani mbele ya mama. Nikaweka redio yake upande wa pili, nikawasha vyote. Vilipiga kelele kwa kukaribiana, nikavitenganisha. Nikagonga mfuniko, nikasoma namba huku ananitazama mdomoni, na redio inatoa maneno yaleyale niliyokuwa nikiyatamka. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Jumapili zote hizi ni mimi. Kulwa hayupo."

Aliweka mikono mapajani. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la zamani tulipokuwa tukimwonyesha michoro yetu ya shule.

"Unamwiga vizuri mwenzio," akasema. "Lakini sauti yake naijua."

Nikarudia kusoma. Nikarudia tena, sauti inakatika, nalia kama mtoto. Akasogea, akanifuta uso kwa upindo wa kanga. "Najua umemkumbuka, mama," akaniambia. "Sasa zima hicho kidude. Labda anataka kuongea, na wewe umemzibia njia."

Nikazima. Redio ikabaki inavuma, shiii. Tukakaa mimi na mama tukisikiliza shiii hiyo, wali unaungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Mara akanishika mkono, akaukaza.

"Umesikia?"

Hakukuwa na kitu, Kulwa. Nikamwambia nimesikia.

Jana mjomba alituma ujumbe nizifungashe nguo zako. Nitazifungashaje? Mama amezifua zote, amezipiga pasi hadi soksi, anasema ukirudi usikute zinanuka sanduku. Kumnyang'anya siwezi. Kumzuia mjomba siwezi, na wala sijui kama napaswa. Nikimwambia mama ukweli, haniamini. Nikinyamaza, nazidi kumpoteza. Mimi huyu uliyekuwa ukinitania kwamba hata kuku akitaga nina la kusema, leo sina neno. Nimechoka, nina hasira nawe, na nimekukumbuka.

Barua inapofika hapa watu huagana. Mimi nikikuaga nitakuwa nimemzika mtu ambaye mama yake anamwekea chakula, na ruhusa hiyo sijapewa. Kwa hiyo Jumamosi watakuja, yatakayotokea yatatokea. Na Jumapili nitakaa na mama uani, nikiwa sijagusa kopo, tutakusikiliza.

Mdogo wako,
Doto