Kipa wa Finjani ya Kwanza

Khuwair ya Kusini, Maskati

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishaanza hutanyanyuka hapo ulipokaa. Magoti yake yameacha kumsumbua? Na wapwa zangu wamefungua shule salama? Sisi huku ni wazima, chakula kipo, na jua la Maskati kwa sasa lina huruma, mtu anaweza kutembea mchana bila kukimbilia kivuli.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi za simu. Naandika stoo kazini, wakati wa mapumziko, na atakuletea Bi Salma jirani yenu, anarudi Tanga kesho. Simu siwezi. Mimi na mumeo tunalala chumba kimoja, kati ya kitanda changu na chake lipo jiko la chai tu. Nikikupigia anasikia. Na hata asiposikia, wewe dada ukishashika simu mimi sipati nafasi ya kumaliza sentensi. Leo utanisikiliza.

Umekuwa ukiniuliza kwa nini Shemeji Rajabu anataka kusaini mkataba mwingine wa miaka miwili, wakati alikwisha kukuahidi kwamba huu ukiisha anarudi nyumbani. Yeye amekujibu kwamba mudir, yaani meneja wao pale kwenye kampuni ya viyoyozi, amembembeleza. Si kweli. Nitakwambia ukweli, nao unaanzia kwenye mpira. Tafadhali usicheke. Kucheka ndiko kulikotufikisha hapa.

Kila msimu wa baridi sisi watu wa Afrika Mashariki tunacheza ligi yetu ya Ijumaa huko Bawshar. Mwenyeji wetu ni Mzee Nassor, Mwomani mzaliwa wa Unguja, mstaafu wa serikali, mkali wa mpira kuliko mwamuzi mwenyewe. Hataki timu za makabila wala za makampuni, anasema zilileta ngumi. Kwa hiyo kila mwaka timu zinavunjwa, wachezaji wote wanaitwa kwenye majlisi yake, ukumbi wake wa wageni, wanakaa chini kuzunguka ukuta, na manahodha wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Jina halitajwi. Nahodha anashika dele, lile birika la kahawa, anamwendea mtu anayemtaka, anammiminia finjani. Yule akinywa, ni wako mpaka msimu uishe. Akiitikisa finjani bila kunywa, amekukataa. Sijawahi kuona aliyekataa.

Mwaka jana shemeji alikaa kwenye ule ukuta mpaka dele likakauka. Hakuna aliyemmiminia. Akarudi na glovu zake kwenye mfuko wa plastiki, akakupigia, nami nilikuwepo. Ulicheka, dada. Ulisema, "Hata huko hawakutaki?" Najua ulikuwa utani, kwetu utani ndio kitoweo. Lakini uso wake mimi niliuona, wewe hukuuona. Hukupata simu yake wiki nzima, ndipo ukajua umegusa pabaya. Na mwaka huu uliposikia nimefanywa nahodha ukaniambia, "Kama tumenyonya ziwa moja, mchague mwanzo."

Nilikukatalia, na bado nasema nilikuwa sahihi. Kila timu inamhitaji kipa, na makipa hodari ni wachache mno. Hapo ndipo manahodha wanapopotewa na akili, wanamkwapua yeyote mwenye glovu kwa kuogopa kukosa. Kipa wa kweli mwaka huu alikuwa mmoja tu, Yahya, kijana wa Kiomani ambaye babu zake walitoka Pemba. Nahodha wa zamu ya kwanza alimchukua, na hakuna aliyeshangaa. Zamu ya pili ilikuwa yangu. Msaidizi wangu Wafula, Mkenya wa Bungoma anayeendesha basi la shule, akaanza kunivuta shati.

"Kapteni, chukua kipa sasa hivi! Tukingoja zamu irudi, wote wameisha. Utacheza na goli wazi?"

"Yahya akiondoka, aliyebaki hageuki kuwa Yahya," nikamnong'oneza.

"Lakini si tunahitaji?"

"Mtu haoi kwa sababu anaogopa kulala peke yake."

Niliyemtaka ni Harith wa Qurayyat, winga ambaye akigusa mpira hata mabeki wetu wazito wanaanza kufanana na wachezaji. Shemeji ni kipa wa wastani, dada, wewe mwenyewe umemtazama akicheza. Mikono mizuri, magoti ya mtu mzima. Nilipanga kummiminia zamu za katikati, mahali pake pa haki, na aibu ya mwaka jana ingefutika bila kumdanganya mtu.

Basi nikashika dele, nikainuka kumwendea Harith aliyekaa kule mwisho wa ukuta. Njiani, mkono wangu wa kulia, alikaa shemeji. Unakumbuka marehemu baba alivyotulea, kwamba chombo cha kumimina hakimpiti mkubwa. Ulikuwa ukimpita mkubwa wako na birika mkononi, kofi linakufuata. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikainama, nikammiminia tone la adabu, nikanyoosha mgongo ili niendelee na safari yangu.

Sikufika. "Mabruk!" ukumbi mzima ukapiga kelele za pongezi. Shemeji alikuwa amekwisha kunywa.

Nilimsogelea Mzee Nassor, nikamwambia sikioni kwamba nilikuwa natoa heshima tu, ninayemtaka ni mwingine. Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Kaa kitako, mwanangu," akasema polepole. "Kahawa ishanyweka. Miye nnaona finjani tupu, ya moyoni mwako siyaoni."

Harith akanywa ya nahodha aliyenifuata. Wafula alijishika kichwa. "Nilisema kipa, kapteni, sikusema huyu! Umetuchagulia mume wa sista yako!"

Siku ile ile ukanitumia vigelegele kwenye simu, ukamwita na mama naye apige chake. Nikala sifa zisizokuwa zangu. Na shemeji, dada, hujawahi kumwona vile. Alikuwa anafua jezi kabla haijachafuka. Akaanza kuongea habari za kurudi, atapaka nyumba rangi gani, atawapeleka watoto Pangani. Alimwambia hata mudir asimwandalie karatasi.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo wazimu wetu ulipo. Zamu ya mwisho kabisa, walipobaki watu wa kuokoteza, nilimchukua Okello, askari wa kampuni ya ulinzi, Mganda ambaye hakuna aliyemjua. Mazoezini tukagundua ni kipa, tena kipa haswa. Lakini nani atamweka benchi mtu aliyekunywa finjani ya kwanza ya timu? Tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa ya pili, krosi zinapita juu ya shemeji naye anaruka zimekwisha kupita. Nikisema nimpange Okello, wale wale waliokuwa wakininung'unikia ndio wanaonizuia. "Ukimtoa sasa, wote watajua tuliitupa zamu." Tukaendelea kufungwa ili tusionekane tumekosea. Watu wazima, wenye akili zetu timamu.

Ijumaa iliyopita, kwa bahati ya matokeo ya wenzetu, ikabaki mechi moja ya kuamua kama tunaendelea au tunakwenda kulala, na mbele yetu ni timu ya Harith. Asubuhi shemeji alikuwa kwenye jiko la pamoja la nyumba yetu anakaanga mayai. Nilisimama mlangoni.

"Shemeji, leo ataanza Okello."

Akageuza yai. "Mimi siumwi popote."

"Najua."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alizima jiko, akayagawa mayai kwenye sahani mbili, fungu langu akalifanya kubwa.

"Ile finjani ulinipa kwa adabu," akasema. "Macho yako yalikuwa kwa Harith."

Dada, nilitamani sakafu inimeze. "Sasa mbona ulikunywa? Ungeitikisa tu, ungeniweka huru."

"Nilitaka Mwanaidi asikie. Mwaka jana alisikia nimeachwa. Nikasema mwaka huu asikie kwamba mumewe ni wa kwanza, kisha nirudi na habari hiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nitasaini. Mtu harudi kwa mkewe na habari za benchi. Miaka miwili si mingi, shemeji. Kula, yanapoa."

Nilibishana naye mpaka nikapandisha sauti, nikamwambia huo ni upuuzi, mke si mtazamaji wa jukwaani. Akaniambia mimi sijaoa.

Alikuja uwanjani. Alimvisha Okello glovu zake mwenyewe, zile nzuri ulizomtumia, akasimama nyuma ya goli mechi nzima akimwelekeza, "Toka! Kaa! Kushoto kwako!" mpaka sauti ikamkauka. Harith alitupiga mashuti ya kutisha na Okello akayapangua yote. Tukapata bao moja la kugongesha-gongesha, likatosha. Watu wakambeba Okello juu juu. Nilipogeuka kumtafuta shemeji nilimkuta peke yake anaokota chupa za maji, anazitia kwenye mfuko. Wafula alimfungulia mlango wa mbele wa basi, kiti cha heshima, naye akaenda kukaa nyuma.

Jumapili akamwambia mudir atayarishe karatasi. Amenikataza nisikwambie neno, na nimemvunjia amri yake, kwa hiyo ukipenda nikasirikie. Mimi nami nimekasirika, dada. Nina hasira na Wafula, na Mzee Nassor na kahawa yake, na mimi mwenyewe zaidi ya wote, na kidogo na wewe. Kuhusu mpira nilikuwa sahihi tangu mwanzo, kipa hachukuliwi kwa woga. Haijanisaidia chochote. Nikimtazama usiku amegeukia ukuta najua hajalala.

Nisalimie mjomba fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanikaa. Shangazi muuza maandazi mpe salamu zake, na mama mkwe wako mwambie mwanawe anasali na anakula, asiwe na wasiwasi. Wapwa zangu wabusu wote, yule mdogo umwambie asiende baharini bila mkubwa.

Bi Salma akikukabidhi barua hii, kutakuwa na siku chache tu kabla hajatia saini. Usimpigie kumpa pole, na mpira usiutaje kabisa. Lakini mimi nakumbuka jinsi posa ya yule mwenye duka ilivyoletwa, na baba alivyokwisha kuikubali, na wewe ukasimama mlangoni ukitetemeka ukasema ni Rajabu au basi. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia. Juzi nilimchokonoa kwa mbali, bila kuitaja, kuona kama anajua habari hiyo. Hajui, dada. Miaka yote hii hujamwambia. Yeye anadhani uliozwa tu.

Mwambie. Kisha mwambie arudi.

Mdogo wako,
Hamisi