Kichupa Alichokirudisha Mama

Palma, Agosti 2012

Dada yangu Wahida,

Salamu zikufikie hapo Pemba kwenye masomo. Sisi tupo. Mihogo imekauka vizuri, na wageni wa kampuni ya gesi wamepanga nyumba yote ya Bi Awa. Hata Flávia wa maabara ya hospitali ameajiriwa kambini kwao.

Mama aliniagiza nikuandikie kwamba ni mzima. Si kweli, dada. Kila asubuhi uso na miguu yake huvimba. Hospitali walimtoa damu, wakampa na kichupa cha mkojo. Alipojua kwamba Flávia hayupo, na atakayepima ni Jamaldine, mchumba wako, alikirudisha kitupu.

"Mkwe wangu auchungulie mkojo wangu? Halafu siku ya harusi nimtazame kwa macho gani?"

Jamaldine naye aliinamisha kichwa, akazungumza nami. "Shemeji, chembe nyeupe za damu yake zimezidi. Wengi wenye damu ya namna hii na uvimbe kama wake hukutwa na protini kwenye mkojo, na hapo figo zinaumia. Lakini damu inanidokeza tu. Bila mkojo siwezi kuthibitisha, na daktari hajui ampe dawa gani."

Nimemsihi mama twende hospitali ya Mocímboa, ambako hatuna mkwe. Anasema safari ni ndefu. Nikamwuliza, "Na Wahida akija kukuchukua?" Leo nimemkuta anafua kanga yake ya safari, anaikamua kidogo, anapumzika, anaikamua tena.

Njoo upesi, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Zubeida