Neno Nililoliruka

Gisenyi, 24 Agosti 2025

Kaka yangu Vénuste,

Pokea salamu zetu za huku ziwani, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na joto la Mwanza linavumilika. Sisi ni wazima. Mama anatembea kwa fimbo, lakini ulimi wake hauhitaji fimbo: jana alimgombeza muuza viazi wa Mudende mpaka akaongezewa vitatu ili anyamaze. Mimi nasubiri shule zifunguliwe nirudi kwenye jiografia yangu.

Uliniomba nikuandikie habari za semina ya kanisani, ukasisitiza nisisahau hata kituko kimoja. Ningeweza kukutumia ujumbe kwa simu, ila kwenye simu najua ningefuta nusu. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Mgeni wetu alikuwa Daktari Quaye kutoka Ghana, daktari wa Maandiko, si wa kutibu watu. Kwa miaka kumi na moja amesoma sura kumi na moja za kwanza za Mwanzo, yaani sura moja kwa mwaka, na bado hajamaliza. Pasta Sano alinibembeleza nimtafsirie, akidai kuwa mimi tu ndiye mwenye Kiingereza cha kueleweka na Kiswahili cha Tanzania, na kwamba waumini wa Goma watavuka mpaka kuja kumsikiliza. Nilikubali, na sababu yangu haikuwa Mungu. Nilitaka kupata cha kukuchekesha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya uumbaji. Bwana yule aliokota jiwe la volkano uani kwetu, akalinyanyua juu, akasema jiwe lile ni changa kuliko wazee waliokaa mbele yake, basi wanasayansi wanapata wapi ujasiri wa kudai kwamba mawe yanahitaji mamilioni ya miaka? Watu wakapiga makofi. Mimi, ninayelipwa kufundisha tofauti ya mawe ya volkano na mawe ya matabaka, nilitafsiri huku nikisaga meno. Mwanafunzi wangu angeandika hivyo kwenye mtihani, ningempa sifuri na kumwita mzazi.

Siku ya pili tuliingia kwenye safina. Dhiraa, vyumba, madirisha, halafu, nisamehe, hesabu ya kinyesi cha wanyama wote kwa siku mia moja na hamsini, na nani alikizoa. Watu wazima wenye akili zao waliandika kwenye daftari. Mwenye hesabu hiyo ana shahada tatu, kaka.

Siku ya tatu ilikuwa ya gharika, na asubuhi nzima ikaishia kwenye neno moja. Alisema kwa Kiebrania neno lile laweza kuwa nchi au dunia yote. Akazunguka, akazunguka, akarudi palepale alipoanzia: maji yalifunika dunia yote. Lakini mimi nilikuwa nimetafsiri «nchi», kwa hiyo mama mmoja mfanyabiashara wa Goma aliuliza ni nchi gani, Rwanda au Kongo, na kama ni Rwanda, maji yalizuiwa na nani pale mpakani, Petite Barrière. Kanisa zima likacheka. Nilipomweleza Daktari alifurahi kupita kiasi, akaandika swali hilo kwenye kijitabu chake, akasema ndiyo maana mtafsiri hapaswi kudharau hata neno dogo. Hilo nalo nilitafsiri, kwa sauti ya mtu aliyechoka kufundishwa kazi.

Halafu akasimama Nyirarukundo wa Nyundo. Humkumbuki vizuri, ila ndiye aliyempa Mama chumba mwaka tuliporudi kutoka Tanzania. Ile Mei ya 2023, mto Sebeya ulipofurika, maji yalimchukua mjukuu wake Belise, mtoto wa miaka sita. Tangu hapo sijamsikia akisema neno kanisani. Siku hiyo alisema.

«Batoto benye balikufa mu gharika yetu, balikuwa na zambi gani?»

Daktari alijibu kwa upole wake wote. Alisema hakuna aliyekufa mle akiwa hana hatia, mkubwa kwa mdogo, kwa maana Mungu alitafuta dunia nzima akaona wanane tu wa kuokolewa. Nikatafsiri kila neno, kwa sauti ya juu, mpaka watu wa mlangoni wakasikia. Nyirarukundo alikunja kitenge chake taratibu, akatoka.

Kaka, ni hapa ambapo kwenye simu ningefuta. Swali nililompa Daktari kwa Kiingereza lilikuwa hili: watoto waliokufa katika gharika walikuwa na dhambi gani. Neno «yetu» nililiruka. Daktari alikuwa amezungumza habari za Nuhu siku mbili, akajibu habari za Nuhu. Mwanzoni nililiruka kwa uchovu tu, lakini kabla hajamaliza sentensi ya kwanza nilishajua. Ilitosha kunyanyua mkono. Sikunyanyua, kwa sababu jibu lilikuwa baya, nami nilitaka wasikie wenyewe ubaya wake. Nilikuwa nimeshaanza kukusikia ukicheka.

Baadaye Daktari aliniuliza kama amemkosea yule mama. Nikamwambia hapana, alitoka kuwahi pikipiki. Akamwombea safari njema.

Jumapili tatu zimepita Nyirarukundo haonekani kanisani. Alhamisi nilikwenda Nyundo, nikamkuta akichambua maharage, nikamweleza yote. Nilimwambia Daktari hamjui Belise na hajawahi kusikia Sebeya. Hata pale sikuacha kumtukana mgeni wa watu, nikamwita mjinga wa kitabu kimoja. Aliniacha nimalize.

«Ule mugeni mi sikumusikia, Donatille,» akasema. «Kiingereza sijui. Mi nilisikia we.»

Akaendelea na maharage yake. Nimeona aibu, kaka. Daktari nimemwandikia, na amejibu kwa barua pepe ndefu inayonisamehe, jambo ambalo ni gumu kuliko kama angenitukana. Jumapili ijayo nitasimama kwenye kipaza sauti kilekile niseme nilichofanya. Kama Nyirarukundo atakuwepo, sijui.

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini, na anasema mgongo unatibiwa kwa kutembea. Wabusu watoto. Wifi mwambie kitenge alichoomba nimeshakipata. Na ukimsomea barua hii, msomee yote, usiruke neno.

Ni mimi dada yako,
Donatille