Mlima Ubavuni mwa Tairi

Jumatatu, 30 Mei 2011

Nimeosha magari yote matatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, jua likishapanda, bodi inachoma vidole. Nimempeleka Maha, binti wa tajiri wangu, shuleni, nikapeleka kanzu kwa dobi, nikamrudisha Maha. Njia nzima ananifundisha kuhesabu Kiarabu na kunicheka. Mtoto wa miaka minane.

Jioni tajiri, ambaye sote humu tunamwita Baba, akaniita. Kesho anasafiri kutibiwa mgongo, wiki mbili. Matairi ya gari la Jasim yamekwisha. Jasim ni mtoto wake mkubwa, ana miaka ishirini na gari la viti viwili, la mbio, ambalo halijui kwenda polepole. Baba kasema niende Sanaya, eneo la gereji na viwanda, nichague mwenyewe. Yaliyo salama kuliko yote. Wewe Yusufu unajua magari, akasema.

Hapa nyumbani kwao wananiita Yusufu. Joseph limewashinda. Sijali. Nimevimba kichwa leo. Miaka miwili hapa Muaither, kwa Waarabu, natumwa tu, leo nimeulizwa.

Baba akirudi atasaini kibali changu cha kutoka nchini. Bila saini yake siruhusiwi kupanda ndege. Tarehe ishirini naenda Nanyuki. Binti yangu Wanjiru alizaliwa nikiwa huku, sijawahi kumbeba.

Jumatano, 1 Juni

Sanaya. Joto, vumbi, malori. Duka la matairi la Koya, mzee Mhindi wa Kerala anayezungumza lugha tano na hakuna hata moja anayoimaliza. Akanitolea aina tatu za saizi ile.

Ya kwanza, ya kiangazi. Mifereji michache, uso laini. Nikaona kama nusu kipara. Kwetu ukija na tairi kama hilo mwezi wa Novemba, wakati wa mvua, utalala mtaroni na viazi vyako.

Ya pili, ya misimu yote. Haina baya. Haina jema pia. Mtu akijitangaza anaweza kila kitu huwa namtazama mara mbili.

Ya tatu nikaipenda papo hapo. Meno marefu, yamekatwakatwa vizuri, mpira laini hata ukiubonyeza kwa kucha. Seti moja tu, ilikuja na kontena la mchanganyiko. Na ubavuni imechorwa mlima wenye vilele vitatu, katikati kitu kama nyota. Mlima! Nikaucheka. Miaka sita nimeendesha lori la viazi kutoka Timau mlima ukinitazama. Nikajua hiyo alama ni ya barabara mbaya, na tairi la barabara mbaya haliwezi kushindwa na lami.

Koya akasema good, Germany, good. Tukafunga. Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 3 Juni

Kanisani asubuhi, maana huku ibada ni Ijumaa. Mchana Jasim kalirudisha gari, kanitupia funguo bila kuniangalia. Kasema usukani unaelea. Nimempimia upepo, sawasawa. Nimemwambia matairi mapya yanahitaji siku kadhaa za kuzoeana na barabara. Ni kweli. Kwa kiasi fulani.

Jumapili, 5 Juni

Nilipoliosha gari nimekuta vipunje vya mpira ndani ya madigadi. Vingi. Vyeusi, vinanata. Matairi ya siku nne hayafanyi hivyo. Nimevifuta, nikavitia mfukoni. Kwa nini nimevitia mfukoni? Kama mwizi.

Jumanne, 7 Juni

Meno ya mabega, ya pembeni mwa tairi, yameanza kulika. Nimepima kwa njiti ya kiberiti. Nikapima tena. Ukilishika tairi baada ya Jasim kurudi, ni la moto mno, na linanuka.

 

Jumatano, 8 Juni

Mama, mke wa Baba, ana dada yake anakaa kule Pearl, mtaa wa matajiri, leo nimempeleka. Nikashuka kwenye maegesho ya chini kumwona Otieno. Otieno ni mtu wa Kisumu, mlinzi, anashinda humo chini kwa saa kumi na mbili kila siku akiangalia magari ya matajiri. Hana kingine cha kusoma, kwa hiyo anasoma matairi. Anaweza kukutajia gari kwa kuona gurudumu peke yake.

Nilikuwa nimepiga picha na simu. Nikamwonyesha mlima wangu.

Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha: "Buda, hizi ni za snow."

Nikamwambia acha mchezo. Akanizungusha safu nzima, gari baada ya gari, tukichuchumaa kama tunatafuta sarafu. Hakuna hata moja lenye mlima. Yale yale niliyoyaita kipara, ndiyo wanayofunga wote. Ile si nyota. Ni chembe ya theluji. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha maji, hapa lami inaunguza, kwa hiyo unakuwa kama chingamu. Na meno marefu yanayumba mwendo ukikolea, yanapata moto, yanaweza kumeguka au tairi lote kuchunika ngozi. Akanionyesha na herufi ya spidi ubavuni. Mwendo inaoruhusu ni mdogo kuliko wa gari lenyewe.

"Huyo kijana anabonyeza mafuta?" Otieno akauliza.

Anabonyeza. Anabonyeza sana.

Sikumbuki nilivyomrudisha Mama. Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa. Nimelivisha gari la mtoto wa watu viatu vya barafu kwenye jangwa, kwa sababu nilikumbuka kwetu.

Alhamisi, 9 Juni

Niliamka nimeamua kusema. Nikapiga moyo konde, nikafika mpaka mlango wa jikoni.

Nikafikiria kibali. Baba akisikia niliharibu kazi ya kwanza aliyoniachia kwa akili yangu, saini itatoka wapi? Wapo madereva waliokaa miezi wakingoja saini kwa kosa dogo kuliko hili. Wanjiru ana mwaka na miezi minane. Nikarudi chumbani.

Nikapanga uongo mzuri. Nitamwomba Koya abadilishe kimyakimya, nitasema seti ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Nikampigia hata kabla hajafungua duka. Ya kiangazi yameisha, mengine yanakuja Jumamosi. Basi ningoje Jumamosi. Siku mbili tu, nikajiambia. Siku mbili si nyingi.

Sasa sikia. Saa kumi na mbili na nusu Maha ametoka na begi, mtihani wa mwisho leo. Nimeshawasha Land Cruiser. Jasim akatokea, akasema leo atampeleka yeye, zawadi ya mtihani. Maha akaruka juu. Akakimbilia gari la viti viwili.

Mkanda wa gari lile unamsumbua, uko nyuma sana. Huwa ananiita. Akaniita. Nikaenda, nikauvuta, nikamfunga mkanda kwa mikono yangu mwenyewe. Nikafunga mlango. Sikusema kitu. Nikasimama getini nikisikiliza injini mpaka barabara kuu, na gia ya tatu, na ya nne.

Amerudi mzima. Saa sita na robo. Muda wote huo nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mimi ni mwoga mbaya. Kuna waoga wanaokimbia, mimi ni yule anayesaidia kufunga mlango.

Baadaye Maha akaja kunieleza. Kesho baada ya swala Jasim anampeleka Ruwais, kaskazini kabisa, baharini. Kwa barabara ya Shamal. Imenyooka kama rula, hakuna kona, hakuna kitu cha kumfanya apunguze mwendo.

Ijumaa, 10 Juni

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Otieno naumwa.

Saa tano na nusu Jasim na majirani wamekwenda msikitini kwa miguu. Mama na Maha wako ndani. Joto limeua kila sauti nje. Nilikuwa na kifaa cha kufungulia valvu. Nikapiga magoti kando ya gurudumu la mbele kushoto. Upepo ulitoka kwa kelele nikadhani mtaa mzima unasikia. La pili. La tatu. Wao wanasujudu, mimi niko chini ya gari na goti linaungua kwenye saruji. La nne. Gari likakaa chini kama ngamia. Valvu nne nikazishika kiganjani.

Nilikuwa na mpango. Nitasema watoto wa jirani. Niliufanyia mazoezi mara nyingi, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Wakarudi. Maha ametoka na ndoo yake ya mchanga na miwani ya kuogelea imekaa kwenye paji la uso. Jasim kaona gari. Kaangalia gurudumu moja, la pili, akazunguka. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Yusufu, leta pampu. Yalla, haraka."

Anadhani nitalitengeneza. Kwa sababu ndiyo kazi yangu, nalitengeneza kila siku. Watoto wa jirani wote wakanitoka kichwani. Nikafungua kiganja, akaziona valvu zote nne.

Nikasema yote. Mlima, theluji, Koya, Otieno, vipunje vya mfukoni. Sijui nilichanganya lugha ngapi. Jasim alinielewa tangu mwanzo, nilimwona akielewa, rangi ilimtoka. Alilala chini na kanzu yake nyeupe akaangalia upande wa ndani wa tairi la nyuma, ambao mimi sikuwa nimeuona. Ulikuwa na ufa. Kidole kinaingia.

Hapo ndipo alipopiga kelele. Akampigia Baba, akaweka simu juu ya bodi ili sote tusikie.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, kwa nini ulichagua hayo. Nilikuwa na jibu lake. Hakuliuliza.

"Ulijua lini?"

"Jumatano, Baba."

 Kisha akamuuliza Jasim jana Maha alikwenda shule na gari gani. Jasim akajibu kwa sauti ndogo.

Simu ikakatwa. Maha alikuwa bado ameshika ndoo.

Jumapili, 12 Juni

Hakuna aliyenisemesha. Mama ananiachia karatasi ya sokoni juu ya meza. Maha amekatazwa kutoka mpaka Baba arudi. Jana Koya alileta ya kiangazi, nimefunga mwenyewe, yeye akisimama kando akirudia sorry, sorry. Sikumlaumu. Mchaguzi ni mimi.

Yale ya zamani yako nje ya chumba changu. Jasim ameagiza yasiondolewe. Kila nikitoka nakutana na mlima.

Jumatano, 15 Juni

Baba kafika asubuhi. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea. Njia nzima alitazama dirishani, nami macho barabarani, jasho linatiririka na kiyoyozi kiko mwisho. Nilipita mzunguko mmoja mara mbili kwa kuchanganyikiwa. 

Kutwa nimengoja kuitwa. Nimefunga sanduku, nikalifungua, nikalifunga. Nikifukuzwa leo nitakwenda nyumbani, nikinyimwa saini sitakwenda, na sikujua niombe lipi. Bora kufukuzwa, nikaona. Kisha nikamfikiria mke wangu akisikia.

Saa kumi na moja kaniita sebule ya wageni. Karatasi iko mezani na kalamu juu yake. Akaniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamwambia. Akaniuliza, kama dereva wa basi huko kwenu angejua jambo la hatari Jumatano na mtoto wako ndani, ungetaka akuambie lini. Nikasema Jumatano. Nililia. Sikujua nitalia, nililia tu, mtu mzima mbele ya birika la kahawa.

Akangoja nimalize. Akasema gari lile alilinunua yeye, ingawa Mama alimkataza. Akasaini. Akasema nikirudi, jambo la kuogopesha nimwambie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni la aibu. Funguo za gari la Jasim ziko mfukoni mwake sasa. Jasim hanisalimu.

Jumapili, 19 Juni

Safari ni kesho asubuhi. Nimenunua gauni la Wanjiru kwa kukisia, nadhani litakuwa kubwa.

Leo Maha ameruhusiwa kutoka na mimi, kwa nyanya yake, mtaa wa Rayyan. Nilileta Land Cruiser mlangoni, nikamfungulia. Hakupanda. Akaniachia doli lake nilishike, akazunguka gari lote, akichuchumaa kila gurudumu na kusogeza uso karibu, akifuta vumbi kwa kiganja. La kwanza, la pili. Sikumharakisha, jua kali vile. La nne aliliangalia sana.

Akasimama, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Mafi jabal, Yusufu," akasema. Hakuna mlima.

Nikamwambia vizuri, asante. Akapanda. Nikamfunga mkanda, nikauvuta mara mbili, tukaenda.